Haka si vitisho vya uwanjani tu

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Methali hii ya wahenga hupata uzito mpya kila timu ya taifa ya raga ya New Zealand, ijulikanayo kama All Blacks, inaposhuka uwanjani. Kabla ya kipenga kupulizwa, wachezaji hao waliovalia nguo nyeusi hujipanga, mmoja wao akapaza sauti ya kuwaongoza, kisha wote kwa pamoja wakapiga mapaja na vifua, wakakanyaga ardhi kwa kishindo, wakakodoa macho na kutoa ndimi nje. Mamilioni ya watu hulitazama tendo hilo katika runinga. Wengi hushangilia, baadhi hucheka, na wengine hukereka. Wachache mno hujiuliza maneno yanayotamkwa yana maana gani, yalitungwa na nani, na kwa sababu gani.

Aghalabu tendo hilo hufasiriwa kwa kifupi kuwa ni ngoma ya vita. Watangazaji wa michezo wamelikariri jina hilo kwa miaka mingi hata likaonekana kuwa kweli isiyo na shaka. Kutokana na fasiri hiyo huzuka dhana mbili potovu. Ya kwanza ni kwamba haka ni mbinu ya kumtia mpinzani hofu na haina maana nyingine. Ya pili ni kwamba haka ni mali ya timu ya raga, sawa na jezi na nembo yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana zote mbili ni finyu, na kwamba ufinyu huo una gharama kwa Wamaori na kwa kila jamii iliyorithi ngoma, wimbo au lugha kutoka kwa wazee wake.

Lugha ya mwili

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha ya Wamaori, ambao ndio wenyeji asilia wa New Zealand, haka ni jina la jumla la ngoma inayochezwa kwa kukariri maneno. Ni jina lenye matawi mengi. Iko haka ya kuwapokea wageni. Iko haka ya matanga, ya kumlilia na kumuaga maiti. Kuna ile iitwayo ngeri, fupi na isiyo na miondoko maalumu, ambayo kazi yake ni kuuchochea moyo wa anayeicheza. Kuna taparahi, inayochezwa bila silaha, na kuna peruperu, inayochezwa kwa silaha mkononi na kwa kuruka juu, ambayo ndiyo hasa ngoma ya vita. Ile maarufu ya All Blacks, iitwayo Ka Mate, haimo katika kundi hili la mwisho; huchezwa mikono mitupu. Kuiita ngoma ya vita, basi, ni sawa na mgeni aliyehudhuria mazishi mamoja hapa kwetu kisha akarudi kwao na kutangaza kwamba kila wimbo wa Kiafrika ni wa kilio.

Wamaori wenyewe wana kisa cha chimbuko la ngoma hii. Husimulia kwamba Jua, aitwaye Tama-nui-te-rā, alikuwa na mke aitwaye Hine-raumati, yaani binti wa kiangazi, nao wakajaliwa mtoto wa kiume jina lake Tāne-rore. Siku za joto kali hewa huonekana ikitetemeka juu ya ardhi. Mtetemo huo, kwa mujibu wa kisa hicho, ni Tāne-rore anayemchezea mama yake ngoma. Yeyote aliyepita tambarare za Voi na Mtito Andei saa sita za mchana, akayaona mazigazi yakimeremeta mbele ya barabara, anaweza kuelewa wazee hao waliona nini. Mchezaji wa haka anapoitetemesha mikono yake huwa anaiga hewa ile ya kiangazi. Naam, tendo ambalo mtazamaji wa mbali hulidhania kuwa ni hasira, kwa asili yake ni shukrani ya mtoto kwa mama.

Kila kiungo cha mwili kina jambo la kusema. Miguu huamsha ardhi ambamo mababu wamezikwa. Macho hukodolewa ili kukaza maana ya neno linalotamkwa wakati huo. Ulimi hutolewa na wanaume. Wanawake hukodoa macho lakini hawatoi ulimi. Kifua na mapaja hupigwa ili mwili wenyewe uwe ngoma, kwani hapana chombo kingine kinachopigwa. Asomaye miondoko hii kwa kutumia kamusi ya mataifa mengine ataona ushenzi. Aisomaye kwa kamusi ya wenyewe ataona sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu.

Hata suala la changamoto lina sura yake katika utamaduni huo. Mgeni rasmi anapofika katika uwanja wa jamii ya Wamaori hulakiwa kwanza na shujaa mwenye silaha, ambaye humsogelea kwa miondoko ya kutisha kisha huweka kitu chini, kama vile jani au kijiti. Mgeni akikiokota kwa utulivu huwa ametangaza kwamba amekuja kwa amani, na hapo hukaribishwa ndani. Kwa Wamaori, kwa hivyo, kumpa mtu changamoto na kumheshimu si mambo yanayopingana. Anayetazamwa machoni na kupewa nguvu zote za mwenyeji amehesabiwa kuwa mtu wa maana.

Kutoka shimoni hadi juani

Tukiielekea sasa ile Ka Mate, tunakutana na mtunzi anayejulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa historia. Anaitwa Te Rauparaha, chifu wa jamii ya Ngāti Toa, aliyeishi Kāwhia katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini. Inasimuliwa kwamba yapata mwaka 1820 alikuwa safarini bara akiwindwa na maadui waliotaka kumuua. Alipofika kwenye Ziwa Rotoaira alimwomba hifadhi chifu aitwaye Te Wharerangi, naye akamficha katika shimo la kuhifadhia viazi vitamu. Mke wa chifu huyo, Te Rangikoaea, akaja akaketi juu ya mdomo wa shimo.

Jambo hili la mwanamke kuketi juu ya shimo lataka maelezo, kwa sababu ndilo moyo wa kisa. Wamaori waliamini kwamba maadui wale walikuwa na mganga aliyekuwa akimsaka mkimbizi kwa maneno ya siri, na kwamba mwanamke alikuwa na uwezo wa kuuzima uganga wa namna hiyo. Aidha, kichwa cha chifu kilikuwa kitu chenye mwiko mkubwa kuliko vyote mwilini mwake. Kukaliwa juu ya kichwa ilikuwa fedheha isiyosemeka. Te Rauparaha aliimeza fedheha hiyo ili aishi. Ndani ya giza lile, akisikia nyayo zikikaribia na kutokomea, alikuwa akipimana na mauti pumzi kwa pumzi.

Maadui walipokwenda zao, alitoka shimoni na kucheza ngoma aliyoitunga. Maneno yake yanafuata mapigo ya moyo wa mtu aliyejificha: mara anakiona kifo, mara anauona uhai. Kisha yanamtaja mwanamume mwenye manyoya mengi mwilini, ambaye wengi humfasiri kuwa ni yule Te Wharerangi aliyemwokoa, akasababisha jua limwangazie tena. Mwishowe yanapanda hatua moja, kisha nyingine, hadi kwenye mwanga. Huo ndio ujumbe wake wote. Hakuna adui anayetukanwa humo, wala damu inayotamaniwa. Ni shairi la mtu aliyenusurika, mwenye deni kwa mwenyeji wake na kwa mwanamke aliyeketi juu ya shimo.

Mwalimu wa fasihi atakubaliana nami kwamba hapa pana somo zuri la tofauti baina ya umbo na maudhui. Umbo la Ka Mate ni la kishindo, maudhui yake ni ya shukrani. Mtazamaji asiyeijua lugha hupewa umbo peke yake, na kwa kukosa maudhui hulijaza pengo hilo kwa dhana zake mwenyewe.

Hata hivyo, haifai kumgeuza mtunzi huyo kuwa malaika. Te Rauparaha aliiongoza jamii yake kuhamia kusini, akajenga ngome yake katika kisiwa cha Kapiti, akajipatia bunduki kwa biashara na Wazungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 akawavamia na kuwaua watu wengi wa Ngāi Tahu katika Kisiwa cha Kusini. Mwaka 1840 aliutia sahihi Mkataba wa Waitangi baina ya machifu wa Kimaori na ufalme wa Uingereza. Mwaka 1846 Gavana George Grey alimkamata na kumzuilia pasipo kumfungulia mashtaka, hadi mwaka 1848 aliporudishwa kwa watu wake. Akafariki mwaka uliofuata. Kwa sababu ya uvamizi ule, wapo miongoni mwa wazawa wa kusini ambao hadi leo nyoyo zao huwa nzito Ka Mate inapochezwa katika ardhi yao. Hili nalo ni sehemu ya maana. Ngoma ya taifa zima ilianza kama ngoma ya mtu mmoja na ukoo mmoja, na kumbukumbu ya jirani haifutwi na shangwe za uwanjani.

Ilivyoingia katika raga

Haka iliingia katika raga kupitia timu iliyokuwa na wachezaji wengi wa Kimaori, iliyozuru Uingereza mwaka 1888 na 1889 na kucheza jumla ya mechi 107 katika ziara yake yote. Ndiyo timu ya kwanza ya nchi hiyo kuvaa jezi nyeusi yenye jani la feni. Kisha ikaja timu ya mwaka 1905, ambayo ilicheza Ka Mate katika ziara yake ya Uingereza. Desemba 16 mwaka huo, mjini Cardiff, Wales waliijibu ngoma hiyo kwa kuimba wimbo wa taifa lao, na umati wote ukaitikia. Wales walishinda kwa alama 3 kwa 0. Inasemekana kwamba hapo ndipo ilipoanza desturi ya kuimba nyimbo za taifa kabla ya mechi. Mwanafunzi na azingatie jambo hilo: desturi ambayo leo yaonekana ya kawaida katika kila mchezo ilizaliwa kwa kujibu haka, wimbo ukiijibu ngoma.

Lakini kuingia uwanjani hakukuwa sawa na kueleweka. Kwa miongo mingi haka ilichezwa ovyo. Ilichezwa zaidi ng'ambo, kama burudani ya kuwafurahisha wenyeji wa huko, na mara chache sana nyumbani. Filamu za mechi za miaka ya 1970 zinawaonyesha wachezaji wakirusha mikono bila mpangilio, nyuso zao zikiwa na haya, kama watu waliolazimishwa kucheza ngoma ya kwa jirani.

Haya hiyo ilikuwa na mizizi. Katika shule za wakati huo watoto wa Kimaori waliadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama. Wazee wetu waliosoma enzi za ukoloni, waliovishwa kipande cha ubao au mfupa shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani, hawahitaji kuelezwa adhabu hiyo inajenga nini moyoni mwa mtoto. Lugha ikishafedheheshwa darasani, ngoma yake hubaki kuwa sarakasi. Mwaka 1972 Wamaori walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 wakidai lugha yao ifundishwe shuleni. Mwaka 1982 wakaanzisha shule za chekechea ziendeshwazo kwa Kimaori kitupu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi kwa sheria.

Mwaka huo huo wa 1987 Kombe la Dunia la raga lilichezwa kwa mara ya kwanza, New Zealand wakiwa wenyeji pamoja na Australia. Mchezaji Wayne Shelford, maarufu kwa jina la Buck, pamoja na mwenzake Hika Reid, wote wa asili ya Kimaori, walikuwa wameshikilia kwamba haka ichezwe sawasawa au isichezwe kabisa. Wachezaji wote, wa Kimaori na wa Kizungu, wakafundishwa maneno, maana na miondoko. Tangu hapo haka ikachezwa nyumbani na ugenini kwa heshima yake. Ni wazi kwamba kufufuka kwa haka uwanjani na kufufuka kwa lugha darasani ni matukio ya zama moja, na sidhani kwamba ni sadfa.

Kabla ya hapo kulikuwa na tukio jingine ambalo wanafunzi wa vyuo wangefaa kulijua. Katika Chuo Kikuu cha Auckland, wanafunzi wa uhandisi walikuwa na mazoea ya kila mwaka ya kucheza haka ya dhihaka, wakiwa wamevaa sketi za nyasi na kujichora michoro ya matusi mwilini. Wamaori walilalamika kwa miaka mingi, wakaambiwa kwamba huo ni mzaha tu. Mei 1, 1979 kundi la vijana wa Kimaori na Wapasifiki, lililojiita He Taua, liliwavamia wanafunzi hao walipokuwa wakifanya mazoezi. Ugomvi ulikuwa wa dakika chache, na baadhi ya vijana hao wakafikishwa mahakamani. Hakuna anayepaswa kusifu mapigano. Lakini dhihaka ile haikurudiwa tena, na nchi nzima ikalazimika kujiuliza ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kuucheka urithi wa mwenzake.

Hoja za wapinzani

Wako wanaosema kwamba haka huipa New Zealand faida isiyo ya haki, kwa kuwa wachezaji wake hupasha damu moto huku wapinzani wamesimama wakipigwa na baridi. Wengine husema kwamba imekuwa tangazo la biashara, na kwamba mashirika yanayoifadhili All Blacks yanajali mauzo kuliko mababu. Hoja hizi si za kupuuzwa.

Kuhusu ile ya kwanza, historia yenyewe inajibu. Wapinzani hawajawahi kukosa la kufanya. Mwaka 1989 mjini Dublin, nahodha wa Ireland, Willie Anderson, aliwaongoza wenzake kuisogelea haka wakiwa wameshikana mikono. Mwaka 1991 David Campese wa Australia aliipuuza na kuendelea kupiga mpira peke yake, Australia wakashinda. Mwaka 2007 Wafaransa walijipanga kwa rangi za bendera yao, wakaikabili ana kwa ana, na wakashinda kwa alama 20 kwa 18. Katika fainali ya mwaka 2011 Wafaransa hao hao waliisogelea tena, wakatozwa faini ya pauni 2,500, na safari hii wakashindwa kwa alama 8 kwa 7. Mwaka 2019 Uingereza walijipanga kwa umbo la mshale mjini Yokohama, wakatozwa pauni 2,000, na wakaibuka washindi kwa alama 19 kwa 7. Mtu akiyapima matokeo hayo hataona ngoma inayoshinda mechi. Ataona changamoto inayodai jibu, kama ile ya mgeni na kijiti. Kwa maoni yangu, faini zile hazikulingana na roho ya haka yenyewe. Anayeijibu kwa kusimama imara ameielewa kuliko anayeigeuzia mgongo.

Aidha, New Zealand si pekee yao. Fiji wana Cibi, Samoa wana Siva Tau na Tonga wana Sipi Tau. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2003 Tonga walianza ngoma yao kabla New Zealand hawajamaliza ya kwao, ikawa majibizano ya mataifa mawili ya Pasifiki. Wanawake nao wana haka yao. Timu ya Black Ferns hucheza ile iitwayo Ko Ūhia Mai, iliyotungwa na Whetu Tipiwai. Katika raga ya wachezaji saba kila upande, mchezo tunaoupenda mno hapa Kenya, New Zealand huicheza haka baada ya kutwaa kombe, wakati ambapo hapana mtu wa kutishwa tena. Ingekuwa ni kitisho tu, ingekuwa na kazi gani baada ya mechi kwisha?

Mwaka 2005 All Blacks walipata haka mpya, Kapa o Pango, iliyotungwa na Derek Lardelli, mtaalamu wa sanaa za Kimaori, mahususi kwa ajili ya timu hiyo yenye wachezaji wa asili mbalimbali. Ilipochezwa mara ya kwanza mjini Dunedin dhidi ya Afrika Kusini, ilimalizika kwa kidole kupitishwa karibu na koo. Magazeti ya ng'ambo yalipiga kelele kwamba hiyo ni ishara ya kuchinja. Lardelli alieleza kwamba ishara hiyo ni ya kuvuta nguvu ya uhai hadi kwenye moyo na mapafu. Ni kosa lile lile tulilolitaja mwanzoni: jicho la mgeni lilikimbilia kuona kifo pale ambapo mwenyeji alisema uhai.

Nani mwenye haka?

Ile hoja ya pili, ya biashara, ina uzito zaidi. Kampuni mbalimbali duniani zimeitumia Ka Mate, au viigizo vyake, kuuza bidhaa zisizohusiana kamwe na Wamaori. Mwaka 2006 kampuni moja ya magari ya Italia ilionyesha tangazo la wanawake wakiiga haka, licha ya pingamizi za Wamaori. Ngāti Toa walijaribu kuisajili Ka Mate kama alama yao ya biashara, lakini mwaka 2006 ombi lao likakataliwa. Sheria za kawaida za hakimiliki nazo hazikuwasaidia, kwani hizo humlinda mtunzi kwa muda maalumu baada ya kufa kwake, kisha kazi yake huwa ya wote. Sheria hizo zilitungwa zikimfikiria mwandishi wa kitabu. Hazikumfikiria mtu ambaye kazi yake inaishi katika vinywa na miguu ya wajukuu.

Jawabu likapatikana mwaka 2014, Bunge la New Zealand lilipopitisha sheria mahususi kuhusu Ka Mate. Sheria hiyo inataka kila anayeichapisha au kuitangaza kwa madhumuni ya biashara, au kuionyesha hadharani katika filamu, ataje wazi kwamba mtunzi ni Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa Rangatira. Haimtozi mtu ada. Haiwazuii watu kuicheza, na haimgusi mwalimu anayeifundisha darasani. Anayeikiuka hatozwi fidia. Mahakama hutamka tu kwamba haki ya wenyewe imevunjwa. Wapo waliosema kwamba sheria hiyo haina meno. Mimi naona kwamba ilikwenda kwenye kiini cha mambo. Kitu cha kwanza walichokidai Ngāti Toa kilikuwa jina la mzee wao litamkwe.

Sisi Wakenya tunalo la kujifunza hapa, kwani tumo katika safari hiyo hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Karatasi tunazo. Swali ni iwapo mwanafunzi anayepanda jukwaani katika tamasha za muziki za shule, akiwa amevaa njuga na ngozi za jamii isiyo yake, huelezwa wimbo anaouimba unasema nini, ulichezwa lini na nani. Mara nyingi hufundishwa miondoko kwa wiki sita na maana kwa dakika sita. Akipata kikombe, ngoma imekwisha kazi. Wale wachezaji wa miaka ya 1970 waliorusha mikono kwa haya walikuwa wamelelewa kwa mafunzo ya namna hiyo hiyo.

Ilipoingia bungeni

Asiyeamini kwamba haka ina kazi nje ya uwanja na atazame matukio ya miaka ya karibuni. Machi 15, 2019, Waislamu 51 walipouawa katika misikiti miwili ya Christchurch, wanafunzi wa mji huo walikusanyika na kuwachezea marehemu haka ya maombolezo. Hawakuwa na mpinzani wa kumtisha. Walikuwa na majonzi makubwa kupita maneno, wakayatua kwa miili yao.

Novemba 14, 2024, mbunge kijana wa Kimaori, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alisimama bungeni mjini Wellington wakati wa kupigia kura mswada uliokusudia kuzifasiri upya kanuni za Mkataba wa Waitangi. Aliirarua nakala ya mswada huo, akaanza Ka Mate, na wenzake pamoja na watu waliokuwa kwenye roshani wakajiunga naye. Kikao kikasitishwa. Siku tano baadaye maelfu kwa maelfu ya watu, ambao polisi waliwakadiria kuwa takriban 42,000, waliandamana hadi bungeni. Aprili 10, 2025 mswada ulikataliwa kwa kura 112 dhidi ya 11. Mwezi wa Juni mwaka huo mbunge huyo alisimamishwa kazi kwa siku saba, na viongozi wawili wa chama chake kwa siku 21 kila mmoja.

Watu wanaweza kutofautiana kuhusu adabu za bunge. Lakini yafaa tuone jambo moja. Wimbo ule wa mtu aliyekuwa shimoni, akihesabu kifo na uhai, ulitumika tena na watu waliohisi kwamba wanasukumwa shimoni. Karne mbili zilikuwa zimepita, na maneno yalikuwa bado na kazi. Ngoma iliyofundishwa kwa miondoko peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo. Iliweza kwa sababu kizazi cha Maipi-Clarke kilirithi lugha iliyookolewa na wale waliotia sahihi ombi la mwaka 1972 na wale waliofungua shule za chekechea mwaka 1982.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. All Blacks watakapocheza tena, na wanafunzi wakaja darasani Jumatatu wakiiga mapigo ya vifua, msiwakemee. Waambieni jina la Te Rauparaha, na la Te Rangikoaea aliyeketi juu ya shimo. Waelezeni maana ya mikono inayotetemeka. Kisha wapeni zoezi la nyumbani: kila mmoja amwendee bibi, babu au mzee yeyote wa kwao, amwulize wimbo mmoja wa jamii yake, nani aliuimba, wakati gani, na kwa nini. Watakaporudi na majibu, yaandikeni. Na watakaorudi mikono mitupu kwa kuwa hapana tena wa kuulizwa, hao nao watakuwa wamejifunza kwa nini Wamaori waliharakisha.